Nusu ya Pili Niliichukua Kwako

Saluni, pembeni mwa soko,
Jumapili alasiri, mwezi wa sita.

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mpe baba mdogo, na umpe kwa sauti, maana nasikia sikio lake la kushoto limestaafu kabla yake. Hujambo lakini? Mgongo je? Mara ya mwisho uliniambia kwamba ukiinama kufagia unabaki hukohuko mpaka apite mtu wa kukuinua. Nilicheka, kisha nikajiona mbaya kwa kucheka. Natumai siku hizi unainuka mwenyewe.

Sisi huku hatujambo, yaani ile hatujambo ya kumalizia salamu. Mama anaendelea na dawa. Magoti yamemgomea, na daktari alimwambia kwamba moyo wake umechoka. Mama akamjibu kwamba hata yeye daktari anaonekana amechoka, akapumzike. Kwa hiyo mdomo bado mzima.

Jirani yetu mshona mapazia anakusalimu sana. Saluni nayo inakwenda, tumepata na draya ya pili. Inanguruma kuliko ile ya kwanza, lakini inakausha.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu badala ya kupiga simu. Nyumba yetu unaijua: mtu akipiga chafya chumbani, jikoni wanampa pole, na saluni ndiyo mbaya zaidi. Na haya ninayotaka kukuambia sitaki Mama ayasikie kutoka kinywani mwangu. Ndiyo maana barua hii nampa dereva wa lori anayemletea mshona mapazia vitambaa vyake, aikabidhi mkononi mwako. Ukiwa umesimama, kaa.

Unajua kwamba hadithi zangu husomwa redioni Jumamosi mchana. Ulinipongeza kwa ile ya fundi saa, na nikakuacha uamini kwamba nimeitoa kichwani. Mama mdogo, kichwani kwangu hamna kitu. Wewe ndiye uliyenibandika jina la Masikio nikiwa mdogo, na hukukosea. Hadithi zangu zote zinaanzia kwenye draya.

Mtu akishavishwa ile kofia ya moto hasikii chochote ila ngurumo, basi hudhani na sisi hatusikii. Anamnong'oneza mwenzake wa kiti cha pili, na mnong'ono wenyewe unafika mpaka kwa muuza vocha ng'ambo ya barabara. Nimesikia humo ndoa zikivunjwa na kuungwa, mawifi wakichambuliwa kama mchicha. Mimi nasuka tu, uso umetulia, kana kwamba niko mbali.

Nina utaratibu wangu, na niliuona wa heshima. Nikishapata mwanzo, sisikilizi mwisho. Naenda kusuuza taulo uani mpaka mazungumzo yapite. Nilikuwa nikijiambia kwamba ukisikia mpaka mwisho huo ni umbea, ukisikia nusu hiyo ni hadithi. Nusu nyingine naitunga mwenyewe. Nabadilisha kazi za watu, umri wao, hata rangi ya nyumba. Sikuwahi kupata lawama, na nikavimba kichwa.

Sasa kuna mteja wetu mmoja, mwalimu wa hesabu, mama mpole anayetaka rola kubwa na mazungumzo madogo. Siku moja alikuja na mwenzake wa shuleni, wakakaa chini ya draya zote mbili, naye akaanza kunong'ona kwa sauti ya mnadani. Tangu mama yake afariki, alisema, dada yake mkubwa hataki kumwacha peke yake na baba yao. Dada huyo zamani alikuwa mpiga chapa mahakamani, akaacha kazi kumwuguza mzee. Kila Mwalimu akienda kumwamkia baba, dada yupo. Akitumwa chai, haendi. Akiitwa mlangoni, anamwambia mgeni apite ndani. "Amekaa kati yangu na baba kama mtu aliyeajiriwa kulinda mlango," alisema. "Kuna kitu baba anajua, na dada hataki nikisikie."

Mama mdogo, sentensi kama ile huwezi kuiacha sakafuni ikafagiliwa pamoja na nywele. Niliibeba. Nikaenda uani kusuuza taulo zilizokuwa zimeshasuuzwa.

Nilikaa na swali lile wiki nzima. Baba anajua nini? Nilijaribu majibu mengi, yote yakawa hayana chumvi. Kisha jibu likaja lenyewe, limekamilika, na nilipoliandika sikusita hata mara moja. Nilipaswa kujiuliza kwa nini. Maneno hayaji mepesi namna ile ila yawe ya mtu.

Yalikuwa yako.

Nilikuwa darasa la tano. Bibi alikuwa amezikwa jana yake, Mama amelala kwa uchovu wa kulia, wewe na baba mdogo mnaosha masufuria jikoni. Mimi nilikuja kunywa maji, nikakusikia, nikabaki nyuma ya mlango na kikombe changu. Ulikuwa unamwambia baba mdogo kwamba Bibi alimwita Mama siku zile za mwisho, mchana na usiku, na wewe ulimjibu kwamba dada yuko njiani, na simu hukupiga. Ulisema umemwogesha, umemlisha, umemgeuza kitandani miaka yote ile, na dada akija mara moja na zawadi zake mgonjwa anachangamka kana kwamba aliyekuwa akimwuguza ni ukuta. "Nilitaka siku zile ziwe zangu," ulisema. Baba mdogo aliendelea kusugua sufuria.

Sikumwambia mtu, wala sikukuchukia. Nilikuwa mtoto lakini nilielewa, labda kwa sababu ulilia kwa kujiziba mdomo na kitambaa cha sahani. Kwa miaka yote hii nimeyaweka mahali ambapo hata mimi sikupitapita. Kumbe yalikuwa yamekaa yanasubiri swali la Mwalimu.

Basi katika hadithi yangu yule dada hampigii mdogo wake simu mama yao anapokata roho, baba anajua, na dada analinda mlango baba asije akasema. Wewe ni mdogo, yule nikamfanya mkubwa. Nilidhani hiyo inatosha kukuficha. Nisamehe kwa hilo. Si hilo tu nililokuandikia, lakini nisamehe kwanza.

Jumamosi iliposomwa, saluni ilijaa. Nilipandisha redio mwenyewe, mpaka mwisho, kwa kiburi, na Mwalimu nikawa nimemwinamisha kwenye beseni namwosha nywele. Msomaji akafika kwenye mlango na mtu aliyeajiriwa kuulinda. Sentensi ile sikuwa nimeibadilisha hata herufi, ilikuwa nzuri mno. Niliuhisi mgongo wa Mwalimu ukikakamaa chini ya mkono wangu. Aliendelea kusikiliza, nikamfunga rola upande mmoja, na hadithi ilipofika penye simu isiyopigwa akasimama. Akatoka na taulo langu shingoni, nusu ya kichwa ina rola, nusu inachuruzika maji, akapita katikati ya soko hivyohivyo. Mtu mwenye staha kama yule!

Nilidhani hasira yake ni kwa sababu nimemsikiliza. Nikajiandaa kuomba radhi ya kusikiliza. Sikujua kwamba kosa ni kubwa kuliko hilo.

Siku chache baadaye taulo lilirudi, limefuliwa, limepigwa pasi, rola zimepangwa ndani yake. Aliyelileta hakuwa Mwalimu. Alikuwa dada yake, yule mpiga chapa, mwanamke mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala. Alinisubiri mpaka wateja wakaisha. Akaniambia kwamba Mwalimu alifika kwao akiwa na rola kichwani, akamwita mwizi wa haki yake, akaapa kwamba hatakanyaga tena nyumba ile. Na hajakanyaga. Dada hakujua hadithi gani wala redio gani, alikuta tu jina la saluni kwenye taulo, akaja kuuliza tulimfanya nini mdogo wake.

Nikamweleza. Kisha akaniambia ukweli wa kile kinacholindwa mlangoni, na nikatamani ardhi ipasuke.

Mama yao alianguka ghafla sokoni, Mama mdogo. Hakumwita mtu, hakukuwa na siku za mwisho, hakukuwa na simu ya kuficha. Mwalimu alichelewa kwa sababu alikuwa safarini, basi. Ila mzee akili zimeanza kumtoka, na Mwalimu amefanana na marehemu pua, sauti, hata mwendo. Mzee akimwona anadhani ni mkewe. Anaanza kumwomba msamaha kwa mambo ya ujana wao, mambo ya chumbani na ya nje ya ndoa, ambayo mtoto hapaswi kuyasikia juu ya wazazi wake. Dada hukaa pale ili amkatize. Anamsemesha mzee habari za hali ya hewa, anamwaga uji makusudi, chochote, mpaka mdogo wake aondoke na baba yake akiwa bado mzima moyoni mwake.

Yaani yeye alikuwa akiziba masikio ya mtu, na mimi ndiye niliyekuja kuyatoboa.

Nikamwuliza kwa nini hamwambii tu. Akasema, "Nikimwambia, nimelinda nini sasa?" Akaniapisha nisimwambie. Nikaapa. Alipokuwa anatoka akaongeza, kwa ile sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba mzee siku hizi hali chakula, anauliza tu mkewe amekwenda wapi, na daktari amewaambia wajiandae.

Nilikwenda shuleni kwa Mwalimu kesho yake. Nilimkuta anasahihisha madaftari, akanionyesha kiti kama anavyowaonyesha wazazi wenye watoto watundu. Nikamwambia kwamba hadithi ile ni ya kutunga.

"Nusu ya kwanza ulinisikia mimi," akasema. "Hiyo hukuitunga."

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe."

"Basi ya pili umemsikia nani?"

Nikasema sikumsikia mtu wa kwao. Akatabasamu vibaya. Akasema saluni yangu inajua habari za mji mzima, kwamba mtu anayejua nusu moja kwa usahihi ule hawezi kubahatisha nyingine, na kwamba yeye mwenyewe alifika kwao mama akiwa ameshazikwa. Uongo wangu ulikuwa umemkaa kama nguo aliyopimiwa. Nikamwambia ni habari ya mtu mwingine kabisa, mtu wa kwetu. Akasema, "Kila mwongo ana mtu wa kwao. Mtaje." Sikumtaja. Akarudi kwenye madaftari yake, na bila kuinua kichwa akasema, "Lisemwalo lipo."

Nilitembea kutoka pale nikiumaliza msemo ule mwenyewe: kama halipo, laja. Ndicho kinachoninyima usingizi, Mama mdogo. Mzee yule akifa wiki hii, Mwalimu atakuwa hakuwepo, na aliyemzuia ni mimi. Kitu nilichokitunga juu ya nyumba yao hakikuwa kweli, lakini kinaelekea kuwa kweli mbele ya macho yangu, na nimeshindwa kukisimamisha. Watu wa redio wamenipigia wakitaka hadithi nyingine. Nimewaambia naumwa. Na kweli naumwa.

Ukweli wa dada yake siwezi kumwambia Mwalimu, nimeapa, nawe usimtajie. Uliobaki ni wako. Ningeweza kukutaja pale shuleni, ulimi ulifika kwenye meno. Sikukutaja. Nimeshakuchukulia mara moja bila kukuomba, sikutaka kuchukua mara mbili.

Kwa hiyo sasa naomba. Namba ya simu ya Mwalimu nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie, Mama mdogo. Sema tu kwamba yale aliyoyasikia redioni ni yako, kwamba mpwa wako ana masikio marefu na adabu fupi, na kwamba aende kwa baba yake. Sauti yako ataiamini. Mtu hasemi jambo kama lile juu ya nafsi yake kumfurahisha msusi. Ukiona huwezi, nitumie neno moja kwa dereva yuleyule, nimtajie mimi. Na ukiona hata hilo huwezi, sitakulaumu wala sitakuuliza tena. Ila usikawie, nakuomba, maana mzee hasubiri lori.

Najua unachoogopa. Unaogopa Mama. Ndiyo maana ukija huku unakaa siku moja, kikombe cha chai hakijapoa umeshakumbuka kuku uliowaacha bila maji. Nilikuwa naogopa pamoja na wewe, kwa sababu Mama naye alisikiliza hadithi ile Jumamosi, amelala kitandani, redio kifuani. Niliporudi jioni nilimwangalia usoni kama mwizi. Akaniuliza tu kama nimenunua chumvi.

Lakini juzi nimesikia jambo jingine. Ndiyo, tena. Nilirudi mapema nikapitia mlango wa nyuma, na Mama alikuwa barazani anakunja nguo na mshona mapazia. Safari hii sikwenda kusuuza taulo. Nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho, na naamini ni mara ya kwanza nimefanya vyema.

Mshona mapazia alikuwa anailaani ile hadithi, anasema dada mtu gani yule. Mama akamwambia, "Usimlaani. Mimi yamenikuta." Akasema siku ile alipofika kwenye msiba wa Bibi, wewe ulimpokea mlangoni na hukumtazama. Alipoingia chumbani akakuta kitanda cha Bibi kimegeuzwa, kichwa kilikokuwa miguu, ili mgonjwa aone mlango. "Mtu hageuziwi kitanda kama hakuna anayemsubiri," akasema. "Nikajua palepale kwamba niliitwa."

Jirani akamwuliza kwa nini hakukwambia.

"Nimwambie nini? Alimwuguza mama peke yake, mimi naleta khanga na biskuti. Nilisema nitangoja aniambie mwenyewe, siku akiweza." Kisha akapiga nguo kofi kuinyoosha, unamjua anavyofanya. "Bado nangoja."

Hayo ndiyo niliyoyasikia. Sikubadilisha kazi ya mtu, wala umri, wala neno. Sikuyapeleka redioni, nimeyaleta kwako kwa sababu ni yako.

Wasalimie wote huko: baba mdogo, wale mapacha na vurugu zao, na bibi yao mkwe wako, umwambie wigi lake nimelitengeneza, linangoja mtu wa kulibeba. Mshona mapazia anasema pazia la sebuleni kwako liko tayari tangu mwaka jana, na kwamba safari hii halitumi kwa mtu. Mungu akupe nguvu ya mgongo na ya moyo, ukipungukiwa na moja akuongezee nyingine.

Mama nilimwambia nakuandikia, nikamwuliza nikupe salamu gani. Akasema, "Mwambie mdogo wangu aje. Asilete kitu." Halafu jana asubuhi akaniita nimsaidie kugeuza kitanda chake. Nikamwuliza kama ni kwa ajili ya upepo. Akasema ndiyo, upepo. Dirisha lake liko upande ule mwingine, Mama mdogo. Sasa akilala anautazama mlango.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,

Masikio